Maporomoko Yangu na Kabichi za Gladness

Alhamisi, 4 Julai 1996
Kahawa haina bei. Nchi nzima inafanya biashara, nami nimepata yangu: maporomoko ya mto chini ya shamba, yanayonguruma bure tangu enzi za babu. Sirili, anayetembeza wageni kutoka Moshi mjini, ataleta Wazungu Jumapili watazame maji na maua ya porini. Maua nimeyang'oa msituni, nikayapanda kando ya njia. Mke wangu Gladness kauliza kwani kule yalikuwa yamemkosea nani. Hana jicho la biashara.

Jumamosi, 6 Julai
Leo wanaume wote wa ukoo wamezoa matope kwenye mfongo, mfereji unaotuletea maji mashambani. Asiyekwenda hapewi zamu ya maji. Kaka yangu Eliufoo, msimamizi, alinipitia alfajiri, jembe begani. Nikasema mgongo unauma. Akasema pole, ni huo huo uliobeba maua? Gladness akanikumbusha kabichi zake, ndizo ada ya binti yetu Elifuraha. Nikamjibu kuanzia kesho hatulimi tena, tunakatisha tiketi. Nimeshinda nikichonga ngazi za udongo. Nzuri sana. Mgongo sasa unauma kweli.

Jumapili, 7 Julai
Aibu. Niliwatangulia wageni nikitembea kinyumenyume, nikisifia. Nikageuka kuwaonyesha. Jiwe kavu. Chini, kidimbwi na chura. Mfongo ulifunguliwa alfajiri kabla ya ibada, mto wote ukaingia huko. Ndivyo ilivyo kila mwaka baada ya kuusafisha, najua tangu utoto. Mwaka huu tu sikufikiria. Mama mmoja wa Kizungu akauliza kwa upole maporomoko yako wapi. Sirili akatafsiri, akaongeza la kwake: mzee, ungesema ni maonyesho ya mawe. Maua nayo yamelala chali. Akawapeleka kwa Eliufoo, wakapiga picha mfongo, wakanywa mbege, pombe yetu ya ndizi.

Jumanne, 9 Julai
Zamu za maji zimetangazwa. Mimi simo. Kabichi zinanyauka. Gladness anabeba ndoo kutoka bondeni na kunipita kama nguzo. Kaka akipita anauliza wageni wangu hawajambo.

Alhamisi, 11 Julai
Nimeshindwa. Nimechuma jani la sale, nimelifunga fundo, nimempelekea kaka. Kwetu ukiletewa sale huwezi kukataa kusamehe, hata ukitaka. Kaka alitaka. Aliligeuzageuza lile jani kutafuta kasoro. Shemeji akauliza kutoka jikoni kama na hilo nimeling'oa msituni. Mwishowe Eliufoo akasema nichukue zamu yake ya kesho, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya Gladness na mtoto. Machozi yalinitoka, na hayakuwa ya kuigiza.

Nyumbani nimepikiwa mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, wa kwanza wiki hii. Gladness anasema kabichi zisipokunywa maji kesho ndiyo basi. Huyu hupenda kutia chumvi.

Maji yote ya mfongo, asubuhi nzima, upande wangu. Na mfereji wangu unapita juu kidogo tu ya lile genge la maporomoko. Nikikata ukingo kwa jembe yataanguka pale pale, pengine kwa kishindo kikubwa kuliko yale ya mto. Kabichi zitapata yatakayobaki. Nimemtumia Sirili ujumbe kwa gari la maziwa, alete wageni saa tatu.

Gladness nimemwambia aende sokoni bila wasiwasi, maji nitafungulia mwenyewe. Amenishukuru.