Mbegu Nene za Miwani

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka na wiki haijaanza. Daktari, mkuu wa maabara yetu ya mbegu, ametangaza ajira ya kudumu. Nafasi moja! Tuko wawili: mimi, miaka sita ya mikataba ya miezi mitatu mitatu, na dada ninayemwita Miwani kwa vioo vyake vinene, aliyekuja juzi tu. Kila mtu ana trei ya mimea aliyoichavusha mwenyewe. Ijumaa mbegu zinakaguliwa. Daktari akaeleza saa nzima jinsi mmea mama unavyozima baadhi ya jeni ndani ya mbegu changa. Nilisinzia. Mimi ni mtu wa chavua, si wa hotuba.

Jumanne, 5 Machi
Nimechungulia trei ya Miwani. Mbegu nene, zinang'aa! Zangu zimesinyaa kama zabibu kavu. Nimezipiga mbolea mara mbili. Majani yameungua, mbegu ziko vilevile. Mke wangu kasema nikiikosa kazi hii, watoto nitawaeleza mwenyewe.

Jumatano, 6 Machi
Miwani kanipongeza. Eti kaka, mbegu zako zimependeza. Kejeli gani hii? Nimemshukuru dada kwa meno tu. Moyoni nachemka.

Alhamisi, 7 Machi
Wenzangu walipokwenda kula, nikabadilisha lebo. Yangu kwake, yake kwangu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mgongo wenyewe unauma.

Ijumaa, 8 Machi
Lo! Daktari kazipita mbegu nene bila kuzitazama mara mbili. Kumbe jeni za kunenepesha ndizo zilizotakiwa kuzimwa! Kaziinua zilizosinyaa, nusura azibusu. Akasoma lebo: Miwani. Binti huyo, kwa uaminifu wake wa kuudhi, akasema lazima kuna kosa, zile ni za kaka. Daktari akaniuliza kama kuna mtu aliyegusa lebo. Ningesemaje? Nikaapa hazijaguswa. Nikaapa mara mbili. Miwani kaajiriwa. Nimelia chooni, bomba nikiwa nimelifungulia.

Jumatatu, 11 Machi
Miezi mitatu mingine. Miwani, sasa msimamizi wangu, kaniletea trei mpya na karatasi ya maelekezo, kurasa nne. Sijaisoma. Ya nini? Nimeshajua wanachotaka: zilizosinyaa. Mimea yangu haitaonja tone la maji. Ya Miwani nimeipa ndoo mbili, mbegu zake zinenepe.