Ombi la Kumwondoa Mama Yangu Mlimani

Ndugu Mwenyekiti wa Kikundi cha Matembezi ya Vilima,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, wewe na magoti yako. Mimi ni mzima, ila sina raha, na asiye na raha huandika.

Unanifahamu. Mimi ndiye yule binti mwembamba anayetembea mwisho wa mstari, ambaye mwaka wake wa kwanza mlidhani ni bubu. Sikuwa bubu. Nilikuwa na furaha.

Nyumbani kwetu tuko watu wengi kuliko milango, na pasi hukaa chumbani kwangu kwa kuwa ndiko kwenye soketi inayofanya kazi. Hakuna shati linalovaliwa katika ukoo wetu kabla mwenyewe hajasimama mbele ya kitanda changu akanisimulia mambo yake. Kazini nasahihisha vitabu vya shule katika chumba kimoja na mashine ya kunakili, pamoja na wote wanaoisubiri. Kwa hiyo ile Jumamosi moja ya kila mwezi, na kimya chake, kwangu haikuwa burudani. Ilikuwa dawa. Sasa dawa hiyo imeingiwa na mama yangu mzazi, nami naomba kwa heshima zote mumvue uanachama.

Mara ya kwanza alikuja kwa uchunguzi tu. Hakuamini kwamba mtu mwenye akili timamu anaamka alfajiri, anapanda kilima, anashuka, na hakuna mwanamume anayehusika. Aliniuliza: “Mwanangu, huko juu hakuna mtu. Tunakwenda kumwona nani?” Akawakagua wanaume wenu mmoja mmoja pale tunapokutania, akavunjika moyo, kisha akajiandikisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kanuni yetu inasema mwenye mwendo wa polepole kuliko wote ndiye anayetangulia, ili asiachwe mtu, na mwepesi akae mkiani. Ni kanuni ya busara, lakini walioitunga hawakumjua mama. Yeye si mzito wala mwepesi. Ana mwendo wa mtu anayesalimia. Akikutana na mkata majani husimama, akamuuliza hali yake, ya watoto wake, na ya mama yake. Mama wa mkata majani akiwa mgonjwa, sote tunakaa chini. Mwezi uliopita hatukufika kileleni kwa sababu ya nyonga ya bibi mmoja ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumtia machoni.

2. Kwa kuwa yeye yuko mbele na mimi nyuma, amebuni njia ya kunifikia. Humwambia anayemfuata, naye humwambia anayemfuata, hadi kwangu. Kwa njia hiyo nimeulizwa kama nimevaa fulana ya ndani, kama tumbo limetulia, na kama nimempigia shangazi. Laiti ujumbe ungepotea njiani, ningeshukuru. Lakini wanachama wetu ni waaminifu mno. Huufikisha pamoja na lafudhi yake. Anayenikabidhi mimi ni karani wa mahakama, kijana mtaratibu, ambaye hunieleza habari za tumbo langu akiwa ameinamisha kichwa kama anayesoma hukumu. Kisha husubiri, maana jibu lazima lirudi mbele kwa njia ileile.

3. Mama ni mkunga mstaafu. Kustaafu huko ni kwa upande wa serikali tu. Penye mwinuko mkali, daktari wa meno, ambaye mwili wake mnaujua, huishiwa pumzi. Zamani tulimwacha apumzike. Siku hizi mama humshika mkono akamwambia avute pumzi, asipige kelele, asukume, asukume, kidogo tu amebakisha. Naye husukuma. Ndugu Mwenyekiti, mimi hupanda mlima ili nitafakari. Ni vigumu sana kutafakari ukiwa nyuma ya mwanamume mzima anayesukuma. Alipofika juu mlimpigia makofi, na mama akawatangazia kwamba wote wawili ni wazima. Mpaka leo sijui wa pili ni nani.

4. Inanisikitisha kukutaja wewe, lakini haki haichagui. Niliona kwa macho yangu ukikunja suruali na kunyoosha goti ili upakwe dawa yake ya kuchua. Nikakusikia ukimwita “Mama”. Katiba yetu inasema tuitane Ndugu. Tangu siku hiyo kila mtu anamwita Mama, na matokeo yake daktari wa meno ananiita dada mdogo na kunikemea nikichelewa. Nilijiunga nikiwa peke yangu. Sasa nina kaka na dada mstari mzima, na wote wanajua nilikojoa kitandani hadi darasa la ngapi.

5. Hili ndilo lililonitoa machozi. Tunao utaratibu wa kukaa kimya kidogo tukifika kileleni, kila mtu na nafsi yake. Katikati ya kimya hicho mama aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, mnaona huyu mtoto ana tatizo gani. Hoja ikajadiliwa. Karani wa mahakama alishauri mhusika asikilizwe kwanza. Hakuna aliyemuunga mkono. Mwalimu wa hisabati akahesabu mikono, ikapitishwa kwamba mimi ni mkali lakini nina moyo mzuri, na kwamba nile zaidi. Azimio hilo sasa ni kumbukumbu rasmi ya kikundi.

Katiba yetu inakataza redio na mbwa kwa kuwa wanavuruga utulivu. Simfananishi mama yangu na redio. Redio ina kitufe. Nasema tu kwamba tukikataza kidogo na kuruhusu kikubwa, tutachekwa. Naomba basi kiongezwe kifungu kwamba mtu asiwe mwanachama wa kikundi kimoja na aliyemzaa. Ikiwa hilo ni zito, basi mama apewe kilima chake, nanyi mnaompenda mchague.

Utaniambia mama ni mama. Nakubali. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Lakini uchungu wa kuwa mwana wa mkunga, je, mzazi anaujua?

Wasalimie wote, na mwambie daktari wa meno apunguze kunikemea. Mama nitamsalimia mwenyewe, tukikutana jikoni.

Ni mimi, mwenye heshima na hasira kwa vipimo sawa,
Binti wa Mkiani

Baada ya kuandika: Nimeona si vizuri kumsema mtu nyuma ya mgongo wake, nikamsomea mama barua hii yote. Alisikiliza hadi mwisho, akasema nimeandika vizuri, niipeleke. Kisha akapiga simu kwa kikundi cha ng’ambo ya mto, wanaotoka Jumamosi ileile, nao wamempokea. Kwa hiyo naomba unifute na mimi. Wale wa ng’ambo wana mwendo mkali, na hawamjui. Watamwona amenyamaza njiani wadhani anafurahia mandhari. Mama akinyamaza ujue amechoka, na lazima awepo mtu wa kuwaambia wasimame.