Kusoma Mto kwa Darubini

Jumatatu, 5 Mei 2025

Nimeamka na wazo. Mara ya mwisho nilipoamka na wazo nilivunjika kidole. Hili ni tofauti.

Kazi yangu ni kusoma mto. Kila asubuhi na kila jioni mimi, Anselm, mtumishi wa maji kutoka Sumbawanga niliyetupwa huku Gorong'a, nashuka kwenye kivuko cha ng'ombe cha Mto Mara. Natazama maji yamefika namba ngapi kwenye ubao wa vipimo, halafu natuma namba hiyo Musoma kwa simu. Kwa maneno ni kazi nyepesi. Kwa miguu ni tope, miiba, na kiboko mmoja mwenye kinyongo binafsi na mimi.

Sasa kuna nafasi Musoma. Ziwani! Kule mashine inajisomea yenyewe na mtumishi anakaa kwenye kiti. Bi Theodosia, mkuu wetu, amesema atampa yule ambaye vipimo vyake havina pengo hata siku moja. Vyangu vina mapengo kama meno ya babu yangu. Mshindani wangu ni Stanslaus wa kituo kilicho chini yetu mtoni, mtu anayepiga pasi hadi kofia. Hana pengo.

Wazo lenyewe: ubao uhamishwe. Ulipo sasa umefichwa na mikuyu, pale penye kina. Nikiusogeza hadi ukingoni, nitausoma nikiwa nimeketi kibandani kwa Mama Wegesa, muuza chai wa kivukoni, kikombe mkononi, kwa darubini niliyoazima kwa muongoza watalii mmoja wa Mugumu. Nashangaa kwa nini sikupandishwa cheo zamani.

Jumanne, 6 Mei

Ubao umehama. Vijana wawili wa bodaboda walinisaidia. Waliuliza kama tuchimbe shimo refu. Nikawaambia serikali haina haraka ya kuchimba. Tukaushindilia kwa mawe.

Nimesoma mto nikila chapati. Namba zinaonekana vizuri, hata ule mstari mwekundu. Mstari huo wenyeji wanauheshimu kuliko mimi: maji yakiwa chini yake ng'ombe wanavuka, yakiupita hakuna mnyama anayegusa mto. Niliuchora mwenyewe mwaka jana, baada ya wazee kunionyesha mahali pake. Ni kazi yangu pekee hapa ambayo haijawahi kulalamikiwa.

Mama Wegesa aliuliza kwa nini naulenga mto kama mtu anayetaka kuupiga risasi. Nikamwambia ni teknolojia. Akasema basi teknolojia hiyo iagize na maandazi.

Jumatano, 7 Mei

Bi Theodosia amepiga simu. Anasema namba zangu zinaonyesha mto umeshuka sana kwa usiku mmoja, ila za Stanslaus hazijashuka hata kidogo. Kuna nini?

Hapo mtu mwenye akili angekumbuka kwamba ubao ukisimama juu zaidi, maji hufika namba ya chini zaidi. Mimi nilikumbuka kiti cha Musoma. Nikamjibu kwa sauti nzito kwamba huenda kuna watu huko juu wanachepusha maji. Kisha akasema hilo ni jambo kubwa, ataliandikia makao makuu, na mtumishi anayefikiri hivyo hapaswi kuozea kivukoni. Stanslaus ameagizwa afute miwani yake vizuri.

Nimecheka peke yangu hadi nikapaliwa.

Alhamisi, 8 Mei

Kibandani leo amekuja Mzee Werema kutoka ng'ambo, upande wa Serengeti. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika marahaba, akaniita Bwana Maji, akakaa.

Kumbe ana shughuli. Mpwa wake Nashoni anamuoa Mokami, binti wa Mama Wegesa, na Jumamosi ng'ombe wa mahari watavushwa hapa. Zizi zima la ukoo, alisema, na vijana wa kuwaswaga. Mama Wegesa aliinama kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mokami ndiye mtoto wake pekee aliyebaki nyumbani. Mzee aliuliza mto ukoje. Nikainua darubini kwa mbwembwe, nikamwambia chini kabisa ya mwekundu. Akasema wao hawana shaka, mstari wa Bwana Maji haujawahi kuwadanganya.

Nikaiacha chai nusu kikombe. Sikujua kwa nini. Nilidhani ni andazi.

Ijumaa, 9 Mei

Sasa najua kwa nini.

Mvua kubwa imenyesha juu, upande wa Kenya. Stanslaus alipiga simu akasema kwake mto unapanda, kwangu je? Nikatazama. Chini ya mwekundu. Nikamwambia aongeze kufuta miwani.

Halafu nikashusha darubini, nikatazama kwa macho ya kawaida. Jiwe la kufulia la Mama Wegesa halionekani. Limefunikwa lote. Na ubao wangu bado unasema vukeni.

Nimeogopa kweli leo. Nimezunguka kibanda nikitafuta wazo lingine, na wakati huu hakuna lililokuja. Nikisema ukweli, kiti cha Musoma kinakwenda kwa mpiga pasi. Nimeamua kwamba kesho mapema nitashuka na rangi, niushushe mstari kimyakimya. Hakuna atakayejua.

Jumamosi, 10 Mei

Sikuwahi. Rangi ilikuwa imeganda koponi, nikawa nagombana na mfuniko mpaka niliposikia filimbi ng'ambo. Ng'ombe walikuwa wameshafika. Wengi, wazuri, fahali mweusi mbele na vijana wameshakunja suruali.

Nikapiga kelele wasivuke. Mto ulikuwa unanguruma, hakuna aliyesikia. Nikapunga mikono. Wakanipungia nao, kwa furaha ya arusi. Mzee Werema akaelekeza fimbo yake kwenye ubao, kwenye ule mwekundu, mkavu kabisa, akawapa ishara waingie.

Nikaukimbilia. Si kwa ushujaa. Nilikuwa nalia. Niliona njia moja tu, kuung'oa ule ubao ili wasiwe na cha kuamini. Ulitoka kirahisi sana, kwa sababu serikali haina haraka ya kuchimba. Nikaanguka nyuma, mto ukatuchukua wote wawili.

Kwa hiyo ndugu wa bwana arusi, wakiwa na maji ya magoti, walishuhudia kipimo cha mto kikipita mbele yao kwa kasi, mtumishi wa maji akiwa amekikumbatia. Mzee Werema hakuhitaji maelezo. Aliwarudisha vijana, na fahali akageuzwa maji yakiwa shingoni. Hakupotea hata ndama.

Mimi nilikwama kwenye mizizi ya mkuyu penye kona. Mama Wegesa alinivuta kwa mti wa kuanikia nguo, akinitaja kwa Kikurya majina ambayo sijaomba tafsiri.

Jumapili, 11 Mei

Bi Theodosia alikuja. Nikaanza kumweleza kuhusu mmomonyoko wa kingo. Mama Wegesa akanikatiza, akamweleza yote, na darubini akamkabidhi.

Musoma anakwenda Stanslaus.

Mzee Werema, aliyevushwa kwa mtumbwi, alisema mimi nimesimamisha uongo mtoni, na ni mimi niliyeung'oa, kwa hiyo hajui anipige au anilishe. Akasema ataanza na kunilisha.

Jumanne, 13 Mei

Mto umeshuka. Ubao mpya haujafika, na wazee walikataa kuvusha bila mstari. Wakanisimamisha mimi. Palepale penye kina, kanga nyekundu ya Mama Wegesa imefungwa kifuani kwangu. Maji yalinifika tumboni. Ng'ombe wa mahari walipita kando yangu mmoja mmoja, na fahali mweusi alinitazama kwa dharau. Mokami alipiga vigelegele ukingoni, mama yake akafuta macho na kusema ni moshi, ingawa moto ulikuwa mbali. Nilifurahi. Naandika hivyo wazi.

Ijumaa, 16 Mei

Ubao mpya umesimikwa kwa zege pale pa zamani. Nimeapa mbele ya Bi Theodosia kushuka kwa miguu yangu asubuhi na jioni, na niliapa kwa dhati.

Ila leo nimegundua jambo. Miongoni mwa mali zilizoletwa na wakwe wa Mama Wegesa kuna punda. Huyu punda hushuka mtoni kunywa maji asubuhi na jioni bila kutumwa na mtu, na husimama mkabala na ubao, ametulia, anaukodolea macho. Simu yangu ina kamera nzuri. Ninachohitaji ni kamba ya kuininginiza shingoni mwake tu.