Mgeni Wangu Asiyeomba Moto

Rumonge, tarehe 12 Mfungo Pili 1330

Kwa Bwana Mkubwa wa Boma, Usumbura.

Amahoro, Bwana Mkubwa. Baada ya salamu nyingi nakuombea afya njema, kwa kuwa mtu akiwa na homa hasomi malalamiko vizuri, na haya yangu ni marefu.

Mimi ni Mwasiti binti Hadji, mjane, nyumba ya tatu kutoka ufukoni, ile yenye ua wa matete. Barua hii inaandikwa na Mwalimu Kassimu. Nimemkataza kulainisha neno langu hata moja, naye amekwisha jaribu mara mbili.

Utakumbuka kwamba baada ya Idi ulituletea barua, ukasema anakuja mwanafunzi kutoka kwenu Ulaya, kusoma habari za samaki wa ziwa letu, basi apewe vyumba viwili, kitanda na utulivu. Vyumba nilitoa. Kitanda nilitoa, cha marehemu mume wangu. Utulivu Rumonge haupatikani, hata wewe ukija hatutakuwa na wa kukupa.

Mimi nilitegemea kijana. Akashuka mtumbwini mtu mzima mwenye ndevu, jina lake Bwana Emil. Amepanda meli mwezi mzima, gari la moshi mpaka Tabora, miguu mpaka Ujiji, mtumbwi mpaka hapa, na bado ni mwanafunzi! Hapa kwetu mwenye ndevu kama zile amekwisha hitimu chuo, ameoa, na anawasumbua wakwe. Lakini nilimkaribisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji anaumwa, Bwana Mkubwa, na maradhi yangu ni haya:

1. Moto. Hapa mtu akihamia nyumba hawashi moto wake mwenyewe. Huchukua kigae, akaenda kwa jirani, akapiga hodi, akaomba kaa la moto. Jirani humpa kaa, na akiwa anapuliza majivu humwuliza jina lake, mama yake ni nani, nyumbani wamebaki wangapi. Akirudi na kigae chake kinafuka, basi huyo ni wetu. Wezi hawamgusi, na akiugua tunajua wa kumlilia. Mtu asiyekwenda kuomba moto, maana yake amefukuzwa mlangoni. Hakuna maana nyingine, kutoka Gitaza mpaka Kigwena.

Siku ile alipofika nilikaa na makaa mazuri ya mchikichi tangu alasiri. Nimevaa kanga mpya. Bwana Emil akaketi uani mbele ya mlango wake, hatua kumi na mbili kutoka jikoni kwangu, akatia mkono mfukoni, akatoa kibiriti. Cha! Moto ukawaka. Akachemsha kahawa. Mimi nimekaa na makaa yangu kama bibi harusi aliyesahauliwa.

Kila asubuhi ni hivyohivyo. Cha! Sauti ile naisikia hata nikiwa katika sala, Mungu anisamehe.

2. Salamu. Hupita akasema "Jambo," akaenda zake. Hangoji jibu. Nikifika kwenye habari za nyumbani, yeye amekwisha fika ufukoni. Feruzi, mpiga kasia anayemchukua ziwani, ananiambia, "Mama, muzungu huyu iko na haya, si kiburi." Haya gani? Mwenye haya huinamisha kichwa, hakimbii.

3. Sahani. Nilimpelekea wali na mukeke, samaki mtamu kupita wote wa ziwa letu, wa kukaanga kwa mawese. Alikula wote, hilo nakiri. Kesho yake sahani ikarudi tupu! Imeoshwa, inang'aa, juu yake kijikaratasi. Kassimu akanisomea: eti asante. Bwana Mkubwa, sahani hairudi tupu. Hata ndizi moja, hata chumvi ya kuonja. Karatasi nitaipika vipi?

4. Hili Kassimu alitaka lisiandikwe. Samaki wanaletwa kwake wabichi, wazuri, na yeye anawatia kwenye chupa zenye kileo. Wako chupa arobaini chumbani kwa marehemu mume wangu, ambaye hakuonja tone maishani mwake. Samaki wote wale wamekufa walevi. Hakuna hata mmoja aliyeliwa. Majirani wakichungulia dirishani wanasema Mwasiti anamnyima mgeni chakula, mpaka maskini wa watu anajiwekea akiba.

Tena anawauliza samaki kila kitu. Urefu wao, mapezi yao, meno yao, yote anaandika. Mimi hajaniuliza neno. Asiyeuliza hana ajifunzalo, na huyu ndiye mwanafunzi mliyemleta kutoka mbali namna hiyo!

5. Sasa nafika mahali panapouma. Binti yangu Asya ameposwa na mtoto wa Kulthum, jirani yangu wa ng'ambo ya njia. Ndoa ilikuwa iwe mwezi ujao. Kulthum amekaa barazani kwake wiki tatu anautazama ua wangu, na wiki tatu hajaona kigae kikipita. Juzi akamtuma mtu: nyumba inayomnyima mgeni kaa la moto, je, wakwe itawapa nini? Ndoa ingoje kwanza mpaka ijulikane nimemfanya nini muzungu wa watu.

Nimemfanya nini! Mimi, Mwasiti! Mwanangu analia akiosha vyombo, na anaviosha polepole ili alie sana. Naona aibu, Bwana Mkubwa. Nakwenda kisimani jua likiwa kali, wakati wenzangu wamelala.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima, mojawapo ya mambo haya.

Kwanza, toa amri. Bwana Emil asindikizwe na askari wawili, na ngoma ikiwezekana, atoke mlangoni kwake na kigae mkononi, atembee zile hatua kumi na mbili, apige hodi. Kulthum aarifiwe saa.

Hilo likishindikana, Serikali ipige marufuku vibiriti pwani yote ya ziwa. Serikali iliyoweza kuhesabu vibanda vyetu mpaka Kizuka haiwezi kushindwa na kijiti chenye kichwa chekundu.

Hilo nalo likishindikana, mwondoe. Mpeni nyumba ya matofali huko Usumbura, akae na chupa zake kwa utulivu, na mimi nitamwambia Kulthum kwamba Boma ndilo lililomfukuza.

Na yote yakishindikana, naomba anuani ya mama yake. Sitaki ugomvi. Nataka kumwuliza tu, mama kwa mama, kama ndivyo alivyomlea.

Nisalimie askari wote wa Boma na wake zao, mkalimani wako, na yule mpishi wako aliyepita hapa akasifu ndagala zangu, wale dagaa wa ziwani. Asya anakusalimu, ingawa analia. Kassimu anakusalimu na anasema yeye ni mwandishi tu.

Ni mimi mwenye kudhulumiwa na kibiriti,
Mwasiti binti Hadji

Nyongeza. Kassimu alikuwa amekwisha ifunga barua, nimemfungulisha.

Mvua imenyesha siku tatu. Paa la upande wa Bwana Emil limevuja, nami nililijua tundu lile, naomba radhi. Leo baada ya sala ya alfajiri nikasikia hodi. Nikafungua. Amesimama kwenye mvua, ndevu zinachuruzika, mkononi ana kigae. Hakuna aliyemfundisha, nadhani ndicho kitu pekee alichokiona uani. Akasema, "Mama, moto."

Nilimweka chini nikapuliza makaa taratibu, taratibu sana, nikamwuliza yote. Mama yake anaitwa Mariyamu, kama dada yangu marehemu. Ni mjane kama mimi. Wamebaki wawili, yeye na paka. Barua kutoka hapa huchukua miezi mitatu, na mpaka leo mama wa watu hajui kama mwanawe alifika. Akiwa ananiambia hayo machozi yakamtoka. Akasema ni moshi. Nami nikasema ni moshi.

Kulthum alivuka njia bila kuitwa, na mzigo wa kuni kichwani. Ndoa ni mwezi ujao, na Bwana Emil atakaa upande wetu.

Kwa hiyo usimwondoe. Ukimtuma askari kuja kumchukua, atanikuta mimi mlangoni. Chupa zake nimezihamishia mahali pasipovuja, na walevi wale nimewafunika kitambaa.

Ombi la marufuku ya vibiriti lipo palepale. Vyake vilivyolowa vilikauka mchana, nimevificha kwenye mtungi wa unga, nisije nikakaa na makaa yangu peke yangu tena kesho.

Na anuani ya mama yake bado naitaka, upesi. Kassimu amwandikie Mariyamu kwamba mwanawe alifika, amekula, na ana moto.