Maua Yaliyotembea

Tarehe 3 Machi, Jumatatu.

Ajabu! Ua la marehemu mke wangu limechanua. Lile kubwa la majani mapana, alilokuwa akiliita Bi Mkubwa na kuliamkia kila asubuhi kabla hajaniamkia mimi. Miaka tisa halijatoa hata kitumba. Leo, kwenye makwapa ya majani, vishada vyeupe, laini kama pamba. Nilivitazama mpaka chai ikapoa.

Limechanua kwa wakati wake. Shemeji, mdogo wa marehemu, anakuja wiki ijayo, Jumamosi, kukagua. Alisema wazi tangu siku ya msiba: nikishindwa kuyatunza maua ya dada yake, anayachukua yote kumi na moja. Zitabaki kuta na mimi.

Nimemtangazia fundi cherehani wa mlango wa pili. Ana vyungu sita vya maua na maringo ya vyungu sitini. Nimemwambia aje ajionee kazi ya mikono ya mwanamume. Akajibu atakuja akimaliza pindo la sketi.

Tarehe 4 Machi, Jumanne.

Fundi amekuja, miwani ikining'inia kwa uzi. Akainama. Kisha akaniuliza, kwa upole wa kutisha, maua yameanza lini kutembea.

Nikatazama. Moja lilikuwa linatembea.

Vidung'ata! Wadudu wanaofyonza utomvu huku wamejipaka unga kama wapishi. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema hajapata kuona mtu akiwapigia wezi vigelegele.

Nikaenda kwa muuza miche. Akaagiza nimtenge mgonjwa, nichovye pamba kwenye spiriti, nimguse mdudu mmoja mmoja, na kila wiki nirudie, maana mayai yataanguliwa. Mmoja mmoja! Huyu hana kazi nyingine? Mke wangu aliniita Bwana Njia ya Mkato. Alikuwa akitabasamu akisema hivyo, kwa hiyo naichukua kuwa sifa.

Njia ya mkato: kitambaa kimoja, mafuta ya kupikia kidogo. Nimempangusa Bi Mkubwa, na kwa kuwa mkono ulishapata moto, nikawapangusa na wenzake kumi. Wanang'aa kama viatu vya askari. Spiriti ya nini?

Tarehe 12 Machi, Jumatano.

Msiba. Yote kumi na moja yana weupe! Majani yananata, sisimizi wamepanga foleni kuja kulamba. Nimemweleza fundi kwamba ni upepo. Akauliza kama nilitumia kitambaa kimoja kwa yote. Nikasema ndiyo, napenda kubana matumizi. Akasema basi wadudu hawakuhitaji miguu, nimewabeba mwenyewe mlango kwa mlango kama mshenga.

Siku tatu zimebaki. Nina mpango.

Tarehe 14 Machi, Ijumaa.

Nimemwendea fundi kwa ulimi wa asali. Nikamwambia vyungu vyake vina vumbi, aniazime siku moja nivisafishe. Akanitazama juu ya miwani, akasema, chukua tu, jirani, kwani sijui kesho una mkaguzi? Mtu mwema. Inaudhi.

Vyake sita viko dirishani. Vyangu viko bafuni, nyuma ya pazia. Kitambaa kile kile kilikuwa mkononi, nikavipangusa vyake ving'ae. Kesho nitalala mshindi.

Tarehe 15 Machi, Jumamosi.

Shemeji amefika na mkoba, na macho ya dada yake. Kwa macho yale sikuwa nimejiandaa.

Akatazama dirishani. Akauliza Bi Mkubwa yuko wapi. Nikasema anapumzika. Akauliza anapumzikia wapi. Nikasema maua nayo yanahitaji faragha. Akasema sawa, shemeji, basi nioneshe pa kunawia mikono.

Sikuwa na mpango wa mikono.

Akaufungua mlango wa bafu mwenyewe. Halafu sauti. Nikadhani analia, nikakimbilia bafuni. Alikuwa ameketi juu ya ndoo, anacheka, machozi yanamtiririka. Akasema dada yake alikuwa akimpigia simu kila nilipobuni jambo, wanacheka mpaka salio linakwisha. Sikujua! Miaka yote nilikuwa burudani ya nyumba mbili. Nikacheka pia. Sijacheka hivyo tangu azikwe.

Fundi akaja kuchukua mali yake. Akavaa miwani. Akasema, hongera, jirani, na vyangu vimechanua.

Tumekaa kibarazani watatu, pamba, spiriti na vyungu kumi na saba. Mdudu mmoja mmoja. Shemeji akaimba wimbo aliokuwa akiuimba marehemu akimwagilia. Akakosea, nikamsahihisha, nikakosea zaidi. Fundi akasema wadudu wakitusikia watahama wenyewe.

Hukumu ya Shemeji: hawezi kupeleka balaa hili kwake. Maua yanabaki hapa mpaka kidung'ata wa mwisho afe, naye atakuja kila Jumamosi kuhakikisha. Fundi akasema naye atakuja, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya vyungu vyake sita.

Tarehe 31 Machi, Jumatatu.

Jumamosi mbili zimepita, kelele tupu, vikombe vitatu mezani. Leo asubuhi nimekagua peke yangu. Bi Mkubwa safi. Mwingine safi. Yote safi!

Nikaingiwa na hofu. Wakiisha wadudu, maua yanaondoka. Na Jumamosi je?

Nikatafuta tena, kwa miwani niliyoazima kwa fundi. Chini ya jani moja, watatu. Wanono, wamejipaka unga wao. Spiriti ilikuwa mezani, pamba mkononi.

Nimewahamishia kwenye ua dogo nyuma ya pazia, palipo na joto. Watatu tu. Familia ndogo kama hiyo ina madhara gani?