Unayotafuta Mara kwa Mara

Jumatatu, tarehe 9 Machi

Daktari wetu wa meno ametangaza: Ijumaa atateua msimamizi wa mapokezi. Ni mimi au Bi Tabasamu, mwenzangu wa meza ya pili. Mshindani gani huyo! Kazi yake kuwachekea wagonjwa tangu tunafungua hadi tunafunga. Mwenye kichwa cha kompyuta ni mimi.

Mkakati: kivinjari cha zamani, ile programu ya kufungulia mtandao, nimekiondoa, nimeweka toleo la majaribio, lile ambalo watu wa kawaida bado hawajalipata. Daktari akiliona atajua nani mtu wa kesho. Mke wangu nimeshamwambia cheo nimepata. Kwani kati ya leo na Ijumaa kuna nini?

Saa nane mchana. Alamisho zote zimepotea! Ukurasa wa miadi ya wagonjwa, niliouhifadhi miaka mitatu, haupo. Kitufe cha kurudi nyuma kimehamia chini, pembeni kabisa. Nani aliwaomba? Na kila nikifungua kivinjari kinanipokea kwa maneno haya: "Karibu! Tumekurahisishia." Nimekasirika mpaka masikio yamepata moto.

Jumanne, tarehe 10

Leo kila kitu ni cheusi. Sikugusa kitu, naapa. Maandishi ya miadi nayo ni meusi, kwa hiyo nimekaa mbele ya giza tupu huku wagonjwa tisa wakinikodolea macho. Nikazima, nikawasha. Nikabadilisha rangi. Rangi ikabadilika kwenye kila kitu isipokuwa miadi. Nikazima tena. "Karibu! Tumekurahisishia." Nikapiga meza ngumi, kikombe cha chai kikapinduka juu ya kibodi, na sasa herufi M haifanyi kazi. Hilo nalo nalihesabu kosa la kivinjari.

Bi Tabasamu akatoa daftari na kalamu, akaandika majina yote tisa kwa dakika nne. Daftari! Zama hizi! Daktari akapita, akasema hilo wazo zuri. Roho iliniuma kuliko jino lolote lililong'olewa leo.

Nikampigia shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, fundi wa kompyuta. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Shemeji, hilo ni la kujaribia, si la kufanyia kazi. Litoe, rudisha la zamani. Dakika kumi tu umemaliza."

Nikamwambia nitafikiria. Sikufikiria. Nirudi nyuma mbele ya mtu mwenye daftari?

Jumatano, tarehe 11

Dawa nimeipata. Kama mimi nahangaika, mwenzangu naye ahangaike. Bi Tabasamu alipokwenda kula, nikakaa kwenye kompyuta yake nikamwekea toleo lile lile. Likataka akaunti. Yake siijui, nikaweka yangu. Jambo dogo.

Akarudi, akafungua, kila kitu kikaenda sawasawa! Alamisho zake zipo. Hakuna weusi. Kompyuta zetu zilinunuliwa siku moja, duka moja! Akasema kwa upole kwamba leo mashine yake ina kasi, hajui amshukuru nani. Nimetafuna kifuniko cha kalamu hadi kikapasuka.

Jioni, pigo jingine. Mke wangu amempa mama yake habari za cheo. Mama mkwe anakuja Jumamosi kunipongeza, na mabegi mawili. Mabegi mawili! Anayenipongeza kwa saa moja anabeba mabegi ya nini? Nikachukua simu yangu, nikauliza mtandao mambo mawili matatu kuhusu hilo.

Alhamisi, tarehe 12

Skrini kubwa ya chumba cha kusubiri, ile ya namba za foleni, huonyesha kilichoko kwenye kompyuta ya Bi Tabasamu. Nalijua hilo miaka mitatu. Jana lilinitoka kichwani.

Saa nne asubuhi kivinjari kilijisasisha chenyewe. Namba zikaondoka. Ukatokea ukurasa mpya, jina langu kamili na picha yangu ya harusi juu yake. "Karibu! Tumekurahisishia. Haya ndiyo unayotafuta mara kwa mara." Chini yake:

jinsi ya kumshinda mwenzako kazini bila yeye kujua
zawadi gani humlainisha daktari wa meno
mtu kutabasamu siku nzima ni ugonjwa?
mama mkwe hukaa siku ngapi kwa kawaida
namna ya kumwambia mama mkwe nyumba imejaa

Bibi mmoja aliyekuja kupimwa meno ya bandia aliyasoma yote kwa sauti, taratibu, kwa faida ya walioacha miwani nyumbani. Mgonjwa mwenye shavu lililovimba alicheka huku akilia. Nikakimbilia ukutani nikachomoa waya. Haukuwa wenyewe. Ulikuwa wa kiti cha Daktari, na mgonjwa alikuwa amelazwa juu yake, mdomo wazi, miguu juu.

Mwenye makosa ni nani hasa? Waliotengeneza kivinjari! Nimewaandikia malalamiko kurasa tatu, yote bila herufi M.

Ijumaa, tarehe 13

Cheo kapewa Bi Tabasamu. Daktari hakunitazama usoni. Alitazama meno yangu, nikahisi anayahesabu.

Kisha mwanamke mwenyewe akaniita mezani kwake. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana.

"Kaka, umeiuliza mashine kwa nini natabasamu. Ungeniuliza mimi tu. Meno haya Daktari alinitengenezea bure, kwa sharti wagonjwa wayaone. Kuna siku mashavu yananiuma mpaka nafika nyumbani sitaki kuongea na mtu."

Miaka mitatu tumekaa hatua mbili, sikuwahi kujua. Niliona haya, kusema kweli, kama dakika nzima. Akaongeza kwamba amemwomba Daktari nisifukuzwe, na kwamba kile kidude nikiondoe kabla ya saa sita. Nimekiondoa. Dakika kumi, kama shemeji alivyosema. Hilo nalo limeniudhi.

Jumamosi, tarehe 14

Mama mkwe amefika. Mabegi matatu. Amenipongeza mlangoni, majirani wakisikia. Nikasema uteuzi umecheleweshwa kidogo na matatizo ya mtandao, ambayo si uongo. Mke wangu akanitazama kwa namna nisiyoipenda, nikageuza mazungumzo haraka. Bahati nzuri mama mwenyewe akanipa njia.

"Mwanangu, wewe si ndiye mkubwa wa kompyuta? Nitazamie simu yangu, imekuwa nzito."

Asubuhi hii hii limetoka toleo jipya la majaribio. Wanasema makosa yote yamerekebishwa. Bila shaka barua yangu imewaingia. Nimemwekea. Atasahau habari za cheo, ataona mkwewe ni mtu wa aina gani. Neno lake la siri halikumbuki, kwa hiyo nimetumia akaunti yangu. Jambo dogo.

Sasa yuko sebuleni, anatafuta miwani. Anasema simu imemkaribisha vizuri, na chini yake kuna maneno mengi anataka kuyasoma.