Gracia Alisoma, Mimi Nikatafuta Pa Kujificha

Leo nimepata haya, na hiyo haya niliiandika mwenyewe kwa kalamu.

Uvumilivu uliniisha asubuhi kwenye mulango wa klasi. Batoto bote bamefungua kitabu cha kusoma. Gracia wangu, miaka nane, iko inje peke yake, anafinyanga kuku za udongo. (Zingekuwa zinataga, tungekuwa matajiri.)

«Madame, tena?» nikamuuliza mwalimu wake.

«Mama Gracia, tulifundishwa ku semina: kuna batoto ba kujifunza kwa macho, ba masikio, na ba mikono. Wako ni wa mikono. Kitabu kitamuchokesha bure.»

Nikapasuka! «Mimi nilijua kupika bukari ya unga wa mahindi kwa kuangalia mama yangu, kusikia makelele yake na kuungua vidole. Utaniweka kundi gani, Madame?»

Nikakamata mutoto mukono, moja kwa moja kwa Direktere, mukubwa wa shule. Madame nyuma yetu.

Direktere ni muzee mupole. «Mama, hasira si ushuhuda. Nani amemuona akisoma?»

Mimi! Mwezi muzima tunasoma nyumbani, juu ya mifuko ya unga, juu ya makartoni ya sabuni. Nikaingiza mukono ku sakoshi yangu ya begani, nikamupa Gracia karatasi ya kwanza niliyogusa. «Soma, mwanangu.»

Akaweka kidole ku mustari. «Ma-da-me... iko... na ki-chwa... ki-tu-pu... sawa bo-ga.»

Mungu wangu! Malalamiko yangu! Niliyaandika jana na moto wote (kwa Kiswahili, maana Kifaransa kinanipunguzia hasira).

«Gracia, inatosha.»

«Bado, maman!» Jasho puani. «Na mu-ku-bwa wake... a-na-la-la-ka... ku o-fi-si.»

Hakuruka hata silabi moja! Nilitaka ardhi inimeze, na nilitaka kucheza. Nikalia tu.

Direktere akajikunja, akakoholea mukononi kuficha kicheko. Madame ndiye aliinama karibu na mutoto. Akauliza: «Umesoma weye mwenyewe, Gracia?»

«Ndiyo, Madame. Niendelee? Karatasi iko na ngambo ingine.»

«Hapana!» Tulisema bote batatu.

Direktere akanisukumia karatasi nyeupe. «Andika upya, mama. Ile siwezi kuipiga muhuri.»

Nikaandika, yeye akapiga muhuri: «Mimi, mama wa Gracia, ninalalamika rasmi. Mutoto wangu anajua kusoma, na shule ndiyo ya mwisho kupata habari. Apewe kitabu chake kesho, akae ndani na benzake.»